Kidonda kimepona lakini maumivu hayaondoki: vipokezi vya seli vinafanya nini?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nimefungua uzi huu kwa sababu hazipiti siku nyingi katika jukwaa letu la afya bila kujitokeza mtu anayelalamikia maumivu ambayo vipimo havionyeshi chanzo chake: mgongo ambao eksirei inasema uko salama, nyayo za mgonjwa wa kisukari zinazowaka moto usiku, au mbavu zilizougua mkanda wa jeshi ambazo ngozi yake imekwisha kupona. Majibu anayopewa mara nyingi ni ya aina mbili. Wengine humshauri ameze dawa kali zaidi ya kutuliza maumivu, na wengine humwambia kwa upole kwamba ni mawazo tu. Mimi ni mfamasia, na majibu hayo yote mawili yananisikitisha, kwa kuwa yanapuuza elimu ambayo imepatikana kwa jasho jingi. Maumivu huanzia kwenye protini zilizopachikwa katika utando wa seli za fahamu, ambazo tunaziita vipokezi, na protini hizo hubadilika idadi, wepesi wa kuamka na hata mahali zilipo kadiri maumivu yanavyodumu. Mabadiliko hayo yamo mwilini kweli kama ulivyo mfupa uliovunjika, ingawa eksirei haiyaoni.

Naomba tuanze na pilipili, kwa sababu ndiyo iliyowafungulia watafiti njia. Kiungo kinachofanya pilipili iwashe kinaitwa kapsaisini. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko San Francisco, Marekani, ilichukua maelfu ya jeni zinazofanya kazi katika seli za fahamu za maumivu, ikaziingiza kwa mafungu katika seli ambazo kwa kawaida hazijali kapsaisini hata kidogo, kisha ikatazama ni seli zipi zitashtuka zikimwagiwa. Waliendelea kuligawa fungu lililoshtuka hadi wakabaki na jeni moja. Protini inayotokana na jeni hiyo leo inaitwa TRPV1. Ni kama mlango uliojengwa ndani ya ukuta wa seli: ukifunguka, ioni za kalsiamu na sodiamu huingia, chaji ya umeme ya seli hubadilika, na ujumbe huanza safari ya kwenda kwenye uti wa mgongo.

Jambo lililowastaajabisha ni kwamba TRPV1 hufunguka vilevile kwa joto linalozidi takriban nyuzi 43 za Selsiasi, yaani kiwango kile kile ambacho mtu huanza kuhisi kuungua. Kwa hiyo anayesema pilipili inamchoma hakosei wala hatii chumvi, maana ubongo wake unapokea taarifa ile ile ambayo ungeipokea kutoka kwa uji wa moto. Kuku wanaodonoa pilipili kichaa shambani bila wasiwasi wanacho kipokezi hicho pia, ila umbo la kipokezi cha ndege halishikiki na kapsaisini, na ndiyo maana ndege wanaweza kuzila mbegu hizo na kuzisambaza mbali.

Baada ya hapo vipokezi vingine vilifuata kwa kasi. TRPM8 huamshwa na baridi na pia na mentoli, ile inayofanya dawa za kuchua ziache ubaridi kwenye ngozi. Kipo kikundi kinachoamshwa na asidi, ambayo huongezeka kwenye tishu iliyovimba au iliyokosa damu. P2X3 huamshwa na ATP, ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya seli kama nishati yake, hivyo ikionekana nje ni dalili kwamba seli za jirani zimepasuka. Mwaka 2010 maabara ya Ardem Patapoutian, pia huko Marekani, iligundua protini za Piezo zinazoamshwa na mguso na mkandamizo. Yeye na Julius walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021.

Ujumbe ukishaanza, hupita katika nyuzi za aina mbili. Ukijikwaa kidole gumba cha mguu kwenye kizingiti, kwanza husikia uchungu mkali wa ghafla unaoonyesha mahali hasa, kisha baada ya muda mfupi huja uchungu mzito wa kuunguza unaoenea mguuni. Ule wa kwanza umeletwa na nyuzi zenye ganda jembamba la mafuta, na wa pili umeletwa na nyuzi zisizo na ganda, ambazo mwendo wake ni chini ya mita 2 kwa sekunde. Nyuzi hizi za polepole ndizo zinazobeba TRPV1 kwa wingi, na ndizo zitakazotuhangaisha tukifika kwenye maumivu sugu.

Mleta uzi (inaendelea)

Kabla ya maswali, naomba niongeze sehemu mbili, kwa sababu bila hizo maelezo yatabaki nusu.

Ya kwanza ni mifereji ya sodiamu. Kwa lugha kali ya kitaalamu hii si vipokezi, kwa kuwa haisubiri kemikali ishike juu yake. Huamshwa na mabadiliko ya umeme ambayo vipokezi vimeyaanzisha, kisha huyakuza na kuyasukuma mbele. Mmoja wao unaitwa Nav1.7. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Geoffrey Woods wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za familia tatu kutoka kaskazini mwa Pakistani ambazo baadhi ya watoto wake hawakuwahi kusikia maumivu tangu kuzaliwa. Aliyewavuta watafiti huko alikuwa mvulana aliyejipatia riziki kwa kufanya maonyesho mitaani: alijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa ya moto, kisha akaenda hospitali kushonwa. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Watoto wengine walikuwa na makovu ya kujing'ata midomo na ndimi, na mifupa iliyovunjika bila mtu kujua. Walihisi mguso, joto na baridi kama watoto wengine. Kilichoharibika kilikuwa jeni moja tu, SCN9A, ile inayotengeneza Nav1.7.

Upande wa pili, mwaka 2004 watafiti wa China walikuwa wameonyesha kwamba jeni hiyo hiyo ikikosewa kwa namna nyingine, mfereji hufunguka kirahisi kupita kiasi, na mgonjwa hupatwa na miguu inayowaka na kuwa myekundu kwa sababu ya joto dogo tu la viatu. Hebu tafakarini, wakuu: jeni ile ile ikizimika mtu hasikii kuvunjika kwa mfupa, na ikilegea soksi zinakuwa adhabu. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huu wa kumjibu anayesema maumivu yasiyoonekana kwenye picha ni ya kubuni.

Sehemu ya pili ni namna vipokezi vinavyofanywa viwe vyepesi kuamka. Tishu ikijeruhiwa humwaga mchanganyiko wa kemikali, zikiwemo prostaglandini, bradikinini, histamini na kichocheo cha ukuaji wa neva kiitwacho NGF. Nyingi kati ya hizo zina vipokezi vyake juu ya neva ile ile ya maumivu. Zikishashika, husababisha vimeng'enya ndani ya seli kuibandika TRPV1 fosfati, na TRPV1 iliyobandikwa hivyo haisubiri tena nyuzi 43. Kiwango chake hushuka hadi kukaribia joto la kawaida la mwili, ndiyo maana kidonda kilichovimba hupwita hata usipokigusa, na maji ya kuoga ambayo jana yalikuwa ya uvuguvugu leo yanakuunguza. Hapa ndipo aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinapofanyia kazi. Mwaka 1971 John Vane, Mwingereza, alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Dawa hizi hazigusi TRPV1 yenyewe; huondoa kemikali inayoichokonoa. Tulishike jambo hilo, tutalihitaji.

NGF nayo ina habari inayotugusa Afrika Mashariki. Inaposhika kipokezi chake, TrkA, huongeza idadi ya TRPV1 juu ya utando wa neva. Yupo mnyama anayeishi mashimoni katika maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, fuko asiye na manyoya, ambaye ukimdunga kapsaisini au asidi kwenye mguu hajishughulishi kuulamba. TRPV1 anayo, nayo inafanya kazi, lakini TrkA yake ina hitilafu ndogo inayoifanya isiitikie NGF ipasavyo, na Nav1.7 yake huzuiwa kirahisi na asidi. Katika mashimo yenye msongamano wa wanyama na hewa iliyojaa kaboni dioksidi, ambayo huzalisha asidi mwilini, hitilafu hizo zimemfaa.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani sana mkuu kwa elimu hii. Naomba kuuliza kuhusu mama yangu mzazi, ambaye sasa ni mtu mzima sana. Alipata mkanda wa jeshi upande wa kushoto wa mbavu. Malengelenge yalikauka, magamba yakadondoka, na ngozi imebaki na mabaka tu. Hata hivyo hadi leo, miezi mingi imepita, hawezi kufunga kanga kifuani. Huifunga chini kabisa kiunoni na kukaa ndani, kwa sababu kitambaa kikipita juu ya lile baka anashtuka kama amepigwa shoti ya umeme. Ajabu ni kwamba nikibonyeza pale pale kwa kidole, baadhi ya sehemu anasema zina ganzi. Amekuwa akinywa diklofenaki muda wote huu bila nafuu. Kwenye zahanati moja aliambiwa kwamba kidonda kimepona, hivyo asiwe na wasiwasi. Tatizo ni nini?

Mleta uzi

Mkuu, pole sana, na umfikishie mama shikamoo yangu. Umeeleza vizuri kuliko maandishi mengi ya kitabibu niliyoyaona: ganzi na uchungu mahali pamoja, na kitambaa chepesi kuuma kuliko kidole kinachobonyeza. Maelezo hayo yanaonyesha kwamba tatizo limehama kutoka kwenye ngozi na sasa lipo kwenye mishipa ya fahamu yenyewe.

Virusi vya mkanda wa jeshi ni vile vile vya tetekuwanga. Mtu akishapona tetekuwanga utotoni, vinabaki vimejificha katika mafundo ya seli za fahamu yaliyo kando ya uti wa mgongo. Kinga ikishuka kwa umri, kwa VVU au kwa maradhi mengine, huamka na kushuka kwa kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi, ndiyo maana upele hujipanga kama mkanda upande mmoja. Vikipita huko huua baadhi ya seli na kuziacha nyingine na majeraha. Palipokufa seli pana ganzi. Zilizojeruhiwa na kubaki hurundika mifereji ya sodiamu mahali isipostahili kuwa, nazo huanza kurusha ujumbe zenyewe bila kuguswa. Shoti anayoisikia mama inatokana na hilo.

Kanga ni habari nyingine, na inatupeleka ndani ya uti wa mgongo. Neva ya maumivu ikifika huko humwaga glutamati, kemikali ya kupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, ambayo inapokewa na vipokezi vya aina mbili vilivyo juu ya seli inayofuata. AMPA hujibu mara moja. NMDA kwa kawaida imezibwa na ioni ya magnesiamu katikati yake, kwa hiyo ujumbe mmoja mmoja hauifungui. Ujumbe ukija mfululizo kwa muda mrefu, seli hubadilika chaji, magnesiamu husukumwa nje, NMDA hufunguka, na kalsiamu huingia kwa wingi. Kalsiamu hiyo huanzisha kazi ndani ya seli: AMPA zaidi hupandishwa juu ya utando, na seli hubaki katika hali ya kuitikia kupita kiasi hata baada ya chanzo kupungua. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwa wanyama kwamba baada ya jeraha, uti wa mgongo wenyewe hubadilika namna hiyo. Tangu hapo nyuzi za mguso wa kawaida, ambazo kazi yake ilikuwa kutoa taarifa ya kitambaa au upepo, zinapata njia ya kuziamsha seli za maumivu. Mama anaguswa na kanga, na uti wa mgongo unapeleka habari ya kuungua.

Seli za kinga za mfumo wa fahamu nazo huchangia. Baada ya neva kujeruhiwa, seli hizo huongeza kipokezi kiitwacho P2X4 na kumwaga protini inayoziondolea seli za uti wa mgongo uwezo wa kutulizwa. Kemikali inayotuliza, GABA, ipo, lakini amri yake haitimizwi kama zamani. Mengi ya haya yalionekana kwanza kwa panya na mwaka 2003 ulikuwa mwaka mkubwa wa matokeo hayo. Kwa binadamu picha ina utata zaidi, nami sitaki kuirahisisha kuliko ilivyo.

Sasa rudi kwenye diklofenaki. Inazuia prostaglandini, na uvimbe uliokuwa ukizitoa pale mbavuni umekwisha. Anameza dawa ya mahali pengine, huku umri wake ukimweka karibu zaidi na madhara yake: vidonda vya tumbo vinavyoweza kutoa damu, shinikizo la damu kupanda na figo kudhurika. Tafadhali apelekwe kwa daktari upya, na asikubali kurudishwa kwa kauli kwamba ngozi imepona. Mweleze daktari kwa maneno yale yale uliyoyaandika hapa: shoti, ganzi, kanga. Maneno hayo ndiyo yanayomwongoza kufikiria gabapentini, pregabalini au amitriptilini. Gabapentini iliundwa ifanane na GABA, lakini kazi yake ni kushika sehemu ya mifereji ya kalsiamu ambayo huongezeka kwenye neva zilizojeruhiwa, na hivyo kupunguza glutamati inayomwagwa. Kwingineko duniani hutumika pia plasta yenye asilimia 8 ya kapsaisini, ambayo hubandikwa kliniki chini ya uangalizi na huichochea TRPV1 kupita kiasi hadi ncha za neva zinarudi nyuma kwa miezi kadhaa. Naomba mtu yeyote asijaribu kumpaka mgonjwa pilipili ya jikoni kwa sababu ya sentensi hiyo.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, kama TRPV1 na Nav1.7 zinajulikana kwa jina na umbo, kwa nini viwanda visitengeneze dawa ya kuzifunga moja kwa moja tukaachana na mateso haya?

Mleta uzi

Vimejaribu, tena kwa fedha nyingi. Dawa za kuziba TRPV1 ziliwapandisha wagonjwa joto la mwili, kwa sababu kipokezi hicho kinashiriki pia katika kudhibiti joto, na baadhi yao walishindwa kutambua kitu cha moto kinachoweza kuwaunguza. Kingamwili ya kuizuia NGF, tanezumabu, ilipunguza maumivu ya viungo, lakini kwa baadhi ya wagonjwa viungo vyenyewe viliharibika kwa kasi, na mwaka 2021 mradi huo ukaachwa. Nav1.7 nayo inafanana sana na ndugu zake, ukiwemo mfereji unaoendesha moyo, na kuigusa peke yake ni kazi ngumu.

Mafanikio yaliyopatikana karibuni yametoka kwa ndugu mwingine, Nav1.8, ambaye hupatikana zaidi kwenye neva za pembeni na si ndani ya ubongo. Tarehe 30 Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, inayoziba mfereji huo, kwa maumivu ya muda mfupi ya wastani hadi makali kwa watu wazima. Haikuidhinishwa kwa maumivu sugu, na ningeomba tusiitangaze humu kana kwamba imeidhinishwa hivyo.

Mchangiaji wa tatu

Vipi kuhusu morfini? Mdogo wangu ana selimundu na akipatwa na maumivu makali wauguzi wanasita kumpa wakihofia atazoea.

Mleta uzi

Morfini hushika kipokezi cha myu, ambacho mwili umekiweka kwa ajili ya kemikali zake wenyewe. Vipokezi vya jamii hiyo vilionyeshwa mwaka 1973 na maabara tatu tofauti, ikiwemo ya Candace Pert na Solomon Snyder huko Baltimore, na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wakapata enkefalini, mojawapo ya kemikali hizo za mwili, huko Aberdeen, Uskoti. Kipokezi cha myu kikishikwa huzuia kalsiamu kuingia kwenye ncha ya neva ya maumivu, hivyo glutamati haimwagwi, na huifanya seli inayofuata iwe nzito kuamka. Kipo pia kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi na kwenye utumbo, na kutoka huko huja hatari ya kushindwa kupumua na kufunga choo.

Maumivu ya ghafla ya selimundu yana chanzo halisi: seli nyekundu zilizopinda huziba mishipa midogo, tishu hukosa hewa, asidi na ATP hujaa, na vipokezi nilivyovitaja mwanzo huamka kwa pamoja. Kumnyima mgonjwa dawa katika saa hizo ni kumwonea. Hofu ya mazoea ina nafasi yake zaidi katika maumivu sugu ya mgongo na mengineyo yanayofanana nayo, ambako dozi ya kila siku kwa miezi huvifanya vipokezi viitikie kidogo kidogo, na wengine huishia kuwa wepesi wa kuumia kuliko walipoanza. Uganda imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa utaratibu: tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini ya maji kwa wagonjwa wanaohitaji tiba shufaa. Mdogo wako aandikiwe mpango wa dawa na kliniki yake ya selimundu akiwa mzima, auhifadhi, na auonyeshe kila anapofikishwa wodini.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nimerudi. Tumemwona daktari mwingine na amemwandikia mama amitriptilini. Nyumbani tumesoma karatasi ya ndani tukakuta imeandikwa ni dawa ya sonona. Mama amekataa kuimeza. Anasema na huyu naye amemwona ana matatizo ya akili.

Mleta uzi

Mwambie mama kwamba daktari huyu amemsikiliza. Kutoka kwenye shina la ubongo hushuka njia za neva zinazomwaga kemikali iitwayo noradrenalini juu ya uti wa mgongo, na noradrenalini hiyo hushika vipokezi vya alfa-2 vinavyozituliza zile seli zinazoitikia kanga kama moto. Amitriptilini huifanya noradrenalini ikae pale kwa muda mrefu zaidi, na pia huziba mifereji ya sodiamu. Angalia kiasi alichoandikiwa: kwa maumivu ya neva huanzwa miligramu 10 au 25 usiku, kiwango kilicho chini sana ya kile cha kutibu sonona, na hupunguza maumivu hata kwa mtu asiye na sonona kabisa.

Kwa umri wake, mwulizeni daktari kama moyo wake umepimwa, na kama ana tatizo la kukojoa au presha ya macho. Aimeze jioni mapema ili usingizi usimlemee asubuhi, ainuke kitandani polepole kwa sababu inaweza kumshusha shinikizo na kumwangusha, na awe na maji karibu kwa ajili ya kinywa kukauka. Nafuu haiji siku ya kwanza. Huhesabiwa kwa majuma. Diklofenaki aiache, na daktari ajulishwe kwamba alikuwa akiinywa muda wote huo ili ampime figo.